Boga, muhogo au kiazi kitamu: kipi kitakuvusha mwaka wa njaa?

Mwezi wa kumi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kongwa, mkoani Dodoma. Ana heka moja na nusu, watoto watatu, na mahindi ya msimu uliopita yalimkaukia yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. "Dada," akaniambia, "huku kila mtu ana lake. Bwana shamba anasema viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa. Baba mkwe anasema muhogo, maana ndio uliowavusha wao. Mama anasema nisithubutu kusahau maboga. Mimi nina jembe moja na mikono miwili. Nianze na kipi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Jibu refu ndilo hili, kwake na kwa yeyote mwenye shamba dogo kwenye nchi kame ambaye mwaka huu analima kwa hofu. Mazao haya matatu nimeyalima yote, na yote yamewahi kunilisha. Lakini hayalishi kwa namna moja, wala kwa mwezi mmoja.

Njaa yako iko mwezi gani?

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Kifuku kinaanza Desemba, mwaka mwingine mwishoni mwa Novemba, kinakatika Aprili, na mvua ya mwaka mzima huwa karibu milimita 550 hadi 600. Ghala linakwisha Novemba au Desemba. Mahindi mapya, mtama na uwele vinaanza kuliwa mwishoni mwa Aprili. Kwa hiyo njaa yetu ya kila mwaka inakuja mashamba yakiwa ya kijani, Januari hadi Machi, watu wakipalilia kwa tumbo tupu. Mgeni akipita barabarani anaona neema. Ndani ya nyumba chungu hakijainjikwa.

Ipo njaa nyingine, ile ya mvua kugoma kabisa. Wagogo wana jina la iliyokuwa mbaya kuliko zote: Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikakosekana.

Njaa hizi mbili hazina dawa moja. Ukizichanganya utapanda muhogo Desemba ukiutegemea ukulishe Februari, na Februari utachimbua mizizi yenye unene wa kidole.

Kipi kinaingia chunguni mapema

Hapa boga halina mpinzani wa kweli, na ndiyo sababu ya mimi kulitetea. Ukifukia mbegu kwenye mvua ya kwanza ya Desemba, ndani ya wiki moja au kidogo zaidi inachungulia. Wiki ya tano au ya sita unachuma majani. Unamenya zile nyuzi za kwenye vikonyo, unakatakata, unapika na karanga za kutwanga, na ugali mdogo wa siku hiyo unashuka. Hiyo ni mwishoni mwa Januari, pale pale njaa inapouma. Februari yanakuja maua. Ya dume hutangulia na huwa mengi kuliko yanayohitajika, kwa hiyo unaweza kuchuma baadhi asubuhi, nyuki wakishamaliza kazi, ukayatia kwenye mboga. Machi unapata maboga machanga ya kupika kama mboga. Mwishoni mwa Machi na Aprili, siku 90 hadi 120 tangu kupanda, yanakomaa yale ya kuchemsha. Kisha mbegu.

Kiazi kitamu nacho kina majani ya mapema, matembele, na sitaki kuyadharau. Ni mboga nzuri na hayahitaji kumenywa nyuzi. Kiazi chenyewe kinachukua miezi mitatu hadi mitano. Tatizo la kwetu halipo kwenye miezi hiyo, lipo kwenye marando, yale mashina ya kupandia. Marando utayatoa wapi Desemba, baada ya miezi saba ya jua? Wenye bonde lenye unyevu wanayo. Wengine wote husubiri mvua iote mabaki ya mwaka jana, wakayapandikiza Januari mwishoni au Februari, na kiazi kikaja Mei au Juni. Wakati huo mtama umeshavunwa na njaa imeshapita. Ni chakula kizuri kilichochelewa.

Muhogo ni miezi 9 hadi 12 kwa aina za haraka, na kwenye nchi kame unaweza kwenda mpaka 18. Msimu wa kwanza haukupi kitu isipokuwa kisamvu. Anayepanda muhogo leo anapandia njaa ya mwaka kesho. Hilo si kosa lake, ndiyo kazi yake, na ni kazi ambayo boga haliwezi kuifanya.

Kipi kinashibisha

Sasa niseme ukweli unaoliumiza boga langu. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kalori kama 160. Kiazi kitamu, kama 86. Boga ni kati ya 26 na 45, kutegemea kama ni la majimaji au ni lile kavu lenye unga. Sehemu kubwa ya boga ni maji.

Chukua kilo tano za kila kimoja, ukamenya na kutupa kisicholiwa. Muhogo utakuachia kalori zinazokaribia 6,400. Viazi, kama 3,600. Boga, kati ya 900 na 1,600. Mtu mzima anakadiriwa kuhitaji 2,100 kwa siku. Maana yake boga zima la kilo tano halimtoshi mtu mmoja anayeshinda na jembe. Mwenye kukuambia utavuka mwaka wa ukame kwa maboga matupu anakupoteza, na usimsikilize hata kama ni mimi.

Lakini usifunge hesabu kabla ya kuhesabu mbegu. Gramu 100 za kiini cha mbegu za boga zina kalori 559, protini gramu 30, mafuta gramu 49, na madini ya chuma karibu miligramu 9. Muhogo una protini gramu 1.4 tu, kiazi 1.6. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji wa muhogo peke yake atashiba na bado atadhoofika, uso ukajaa na miguu ikavimba. Kijiko cha mbegu za boga zilizokaangwa zikatwangwa, kikaingia kwenye uji huohuo, kinaleta protini na mafuta ambayo muhogo hauna. Nasikitika kila nikiona mtu anapasua boga, anakwangua mbegu na kuwarushia kuku, na ndani ya nyumba yupo mtoto wa miaka miwili.

Kwa vitamini A, boga la njano na kiazi lishe ni ndugu. Gramu 100 za boga zinatoa maikrogramu 400 na zaidi, kiazi cha rangi ya chungwa 700 hivi, na mtoto mdogo anahitaji kati ya 300 na 400 kwa siku. Muhogo mweupe na kiazi cheupe havina kitu hapo. Kazi ya kueneza viazi lishe Afrika ndiyo iliyowapa Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade na Jan Low, pamoja na Howarth Bouis, na waliistahili. Kwa mwenye maji ya kutunza marando, nasema bila kusita: panda kiazi lishe, kama Kabode au Mataya, kabla ya kile cheupe. Na chochote kati ya hivi ukile na mafuta kidogo, hata ya karanga za kutwanga, la sivyo hiyo vitamini inapita tu.

Mbegu: nani anakaa kiganjani?

Mvua ikikosekana mwaka mzima, unapoteza mavuno, na mara nyingi unapoteza pia cha kupanda mwaka unaofuata. Huu ndio upande ambao watu wengi hawautazami wanapolinganisha.

Marando ni kitu hai. Yakikauka, yamekwisha. Zipo njia za kuyaokoa: unachagua viazi vidogo visivyotobolewa na wadudu, unavipanga kwenye beseni au shimo lenye mchanga mkavu ndani ya nyumba, unavipitisha kiangazi hapo, kisha wiki sita hadi nane kabla ya mvua unavipanda kwenye bustani ndogo iliyozungushiwa miba, ukamwagilia, navyo vikatoa marando. Njia hiyo inafanya kazi. Inadai ndoo za maji mwezi wa kumi, mwezi ambao Kongwa mama anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya kisima.

Pingili za muhogo ni ngumu zaidi. Shina lenyewe linasimama shambani kiangazi chote, na ukilikata unaweza kuliegesha kivulini wiki kadhaa. Shida yake ni kwamba ugonjwa unasafiri na pingili. Ukiomba kwa jirani mwenye batobato, ugonjwa unaotia majani mabaka na kuyakunja, umeomba na batobato yake. Michirizi ya kahawia ni mibaya zaidi, kwa sababu jani linaweza kuonekana zima huku muhogo umeoza kwa ndani. Ugonjwa huo si mgeni kwetu: ulielezwa mara ya kwanza na mtafiti aitwaye Storey mwaka 1936, kutokana na mihogo ya hapa hapa Tanganyika. Chukua pingili kwenye shamba ulilochimbua ukaona ndani ya mzizi kwa macho yako.

Boga? Mbegu zake 300 zinaingia kwenye kibuyu kidogo. Bibi yetu alizipaka majivu, akazitia kibuyuni, akakitundika juu ya mafiga, moshi ukazilinda. Zikiwa kavu zinaota hata baada ya miaka minne. Ukame ukija miaka miwili mfululizo, kibuyu kinaingoja mvua bila kuomba maji. Chagua tu boga lililo tamu, kavu, lililokomaa shambani mpaka kikonyo kimekauka, lisiwe lile la mwisho lililobaki kwa sababu hakuna aliyelitaka.

Watu huniuliza kama maboga huharibika mbegu kwa kupandwa karibu na vibuyu au matango. Hapana, hao hawazaliani. Boga hupandishwa na boga mwenzake wa jamii moja, kwa hiyo kama jirani ana aina mbaya, nyuki wataileta kwako, na utaiona mwaka unaofuata.

Udongo wetu na somo la karanga

Kongwa ina historia ambayo kila anayepanda zao la chini ya ardhi anapaswa kuikumbuka. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango mkubwa wa kulima karanga hapa, wakaja na matrekta na vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na mamilioni ya pauni yamekwenda nao. Sababu zilikuwa nyingi, ila mojawapo tunaijua kwa viganja vyetu: mvua ikikatika, udongo mwekundu wa hapa unakuwa kama tofali. Karanga zilikuwa chini, hazitoki.

Kiazi kitamu kwenye udongo huo kinadai matuta, tena marefu, na tuta la heka moja si kazi ya mtu mmoja aliyeshindia uji. Tena udongo ukipasuka kiangazi, fukuzi wa viazi anaingia kwenye nyufa na kutoboa. Ukila kiazi chenye fukuzi kina uchungu, na hata ng'ombe anasita. Muhogo unavumilia zaidi, ingawa kuuchimbua mwezi wa tisa kunataka mwanaume mwenye sururu.

Boga linakaa juu ya ardhi. Mtoto analibeba. Kulipanda ni kuchimba shimo, kutia makopo mawili ya samadi iliyooza, kuchanganya na udongo, kufukia mbegu mbili au tatu, na kwenda zako. Kwenye boma kongwe la ng'ombe, au nyuma ya nyumba kwenye jaa, linaota bila hata samadi ya kubeba. Mashina yakishatambaa yanafunika ardhi, magugu yanapungua na unyevu unakaa. Na halihitaji shamba lake. Unalichomeka ndani ya mahindi au mtama, shimo moja kila hatua nne au tano. Ukilibananisha zaidi ya hapo litapanda juu ya mahindi na kuyalaza.

Hapo ndipo naona boga lilivyopuuzwa. Enzi za Mwingereza, serikali za wenyeji zilikuwa na sheria ndogo za kumlazimisha kila mkulima awe na kipande cha muhogo au viazi kama akiba ya njaa. Mwaka 1974, nchi ilipokaukiwa, tukaambiwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Maafisa walipima, waliandika, walitoza faini. Zao la kupima ni lile lenye shamba lake. Boga lilikuwa limejificha kati ya mashina ya mtama, mali ya mama, halina heka wala rejista, na lilikuwa likilisha watoto wa huyo huyo aliyetozwa faini.

Mbuzi, inzi na nyuki

Mavuno yakishatoka, kwetu mifugo huachiwa huru kula mabua. Kuanzia Juni hadi Novemba kitu cha kijani kinachobaki shambani ni muhogo peke yake. Huna uzio wa miba, huna muhogo. Nimeona robo heka ikiliwa na mbuzi kati ya asubuhi na adhuhuri, na ugomvi wake ukaenda mpaka baraza la kijiji. Wanaokaa karibu na vilima vyenye nyani na nguruwe pori wana shida hiyo hiyo kwa mihogo na kwa viazi. Boga limeshamaliza safari yake kabla mifugo haijafunguliwa, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mjane au kwa mwenye watoto wadogo asiye na wa kulinda.

Adui wa boga ni inzi wa matunda. Anachoma kitunda kikiwa kichanga, kinaoza kwa ndani, kinaanguka. Dawa yangu ni ya mikono: kila siku ya tatu napita, naokota vyote vilivyoanguka, navifukia kina cha nusu mita, na vile vizuri navifunika kwa majani makavu au gazeti. Ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani, huja mvua ikielekea kwisha, na ukija mwishoni hauna hasara kubwa kwa sababu maboga yameshakua.

Lipo tatizo la tatu ambalo wengi hudhani ni ugonjwa. Ua la jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Lisipoguswa na nyuki asubuhi hiyo, kiboga kinageuka njano na kudondoka. Ukiona hivyo na huoni nyuki, fanya mwenyewe: kabla ya saa tatu asubuhi chuma ua la dume, limenye petali zake, lisugue taratibu ndani ya ua la jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Na kama unapulizia dawa mahindi kwa ajili ya viwavi, pulizia jioni, maua yakiwa yamefunga.

Tahadhari moja zaidi, kwa maana ndiyo inayowapata wenye njaa: ukichuma majani kupita kiasi, boga halizai. Tenga mashina. Yale ya karibu na nyumba yawe ya mboga, chuma utakavyo. Yale ya mbali yaache yazae, chuma vichomozo vya pembeni tu, usiguse ncha ya shina kuu.

Sumu

Jambo hili nalileta karibu na mwisho wa ulinganisho, lakini kwa mwenye watoto lingestahili kuwa la kwanza.

Muhogo una sianidi. Ule mtamu ni kidogo, mchungu ni nyingi, na mwaka wa ukame hata ule uliozoea kuula unaongeza sumu. Huko ndiko kwenye mtego: sumu inapanda mwaka uleule ambao watu wana haraka ya kula. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime watu walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona, na wengi wake huwa watoto na kina mama. Walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa siku zinazotakiwa.

Muhogo mchungu umenye, uloweke siku tatu au zaidi mpaka ulainike, uanike ukauke, ndipo utwange. Kuloweka kunataka maji, na sisi ndio hao wa foleni ya saa tisa usiku. Kama una unga wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa ukakaushwa, na huuamini, uchanganye na maji uwe mzito wa kulowana, utandaze kwenye sinia usizidi unene wa sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano, sumu itoke kama hewa, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Ni njia rahisi na ningependa kila nyumba inayokula makopa, ule muhogo mkavu, iijue. Kisamvu nacho kitwangwe na kichemshwe sana, bila kukifunika.

Kiazi kitamu ni salama, isipokuwa kilichotobolewa na fukuzi au kuoza. Boga ni salama, isipokuwa moja: boga lenye uchungu. Huzaliwa mara chache. Ukionja kipande kikawa kichungu, litupe lote. Kuchemsha hakuondoi uchungu huo, na linaweza kuwatapisha na kuwaharisha nyumba nzima.

Kuweka

Muhogo hukaa ardhini, hata mwaka mzima baada ya kukomaa, na hilo ndilo ghala bora masikini aliyewahi kupewa. Ukishachimbuliwa una siku mbili au tatu. Viazi hukatwa na kuanikwa. Wasukuma wametufundisha michembe, inayoanikwa mibichi, na matobolwa, yanayochemshwa kwanza, na vyote vinakaa miezi.

Boga ndilo pekee linalokaa zima, nje ya ardhi, bila kukatwa wala kukaushwa. Livune likiwa na kikonyo chake, upana wa vidole vinne, na usilibebe kwa kikonyo hicho, maana kikivunjika uozo unaingia hapo. Liache juani siku saba hadi kumi na nne ngozi ikaze mpaka ukucha usizame. Kisha liweke kichanjani, penye hewa, lisigusane na mwenzake, lisikae juu ya sakafu. Kila wiki yapitie. Lililoanza kulegea lipikwe siku hiyo. Miezi mitatu ni kawaida, zaidi si ajabu. Mashina 100 yakizaa mawili mawili ni maboga 200, karibu mawili kwa siku kwa miezi hiyo mitatu. Majani yaliyozidi yaanike kivulini, jua kali linaua vitamini A, yatwange, yahifadhi kwa mboga ya kiangazi.

Basi nichague lipi?

Kama njaa yako ni ya Januari hadi Machi, na una mikono miwili, samadi na nafaka ya kuchanganya nayo, anza na boga, msimu huu huu. Usingoje heka ya ziada, halihitaji.

Kama unaogopa mwaka mzima kukosa mvua, na una uwezo wa kuzungusha uzio, tenga robo heka ya muhogo mtamu wenye pingili safi, kisha uusahau mpaka mwakani. Huna uzio? Usipoteze pingili. Jadiliana kwanza na wenye mifugo, au ungana na majirani watatu mzungushe kipande kimoja.

Kama una bonde, kisima cha karibu au maji ya bomba yanayotoka kila siku, kiazi lishe ndicho kitakachokupa chakula kingi kwa muda mfupi kuliko vyote viwili, na kwa wewe ningegeuza maneno yangu yote nianze nacho. Huna maji, panda matuta mawili tu ya matembele nyuma ya bafu, yanywe maji ya kuogea.

Mdogo wangu hana bonde wala uzio, ana boma kongwe la ng'ombe na heka moja ya mtama. Nilimtumia kwa basi mbegu za maboga mawili, zimefungwa kwenye gazeti, na pingili 40 azipande ndani ya ua wa nyumba ambako mbuzi hawafiki. Nimemwambia mbegu azigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza mvua ya kwanza ikinyesha. La pili wiki mbili baadaye, kwa sababu mvua ya Desemba ina tabia ya kuonekana mara moja kisha ikatoroka siku ishirini. La tatu asiliguse kabisa, alirudishe kibuyuni juu ya mafiga.